MITIHANI YA KUINGILIA VYUO VIKUU: NJIA MBILI ZA BUSIA NA MALABA

Katika miji ya Busia na Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda huvukwa kila siku na maelfu ya watu. Wengine huenda sokoni, wengine kwa jamaa, wengine kazini. Waiteso na Wasamia wana ndugu pande zote mbili, maana mpaka huo uliwekwa na serikali za kikoloni pasipo kuwauliza wenyeji. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika nchi ambayo tangu 1920 iliitwa Kenya. Tangu siku hizo, mtoto wa ndugu mmoja huwa Mkenya na mtoto wa ndugu wa pili huwa Mganda, ingawa mashamba yao huenda yakatazamana ng'ambo na ng'ambo ya Mto Malaba.

Kwa sababu hiyo wazazi wa sehemu hizi wana hiari ambayo wazazi wa Nyeri au Mombasa hawana. Mtoto aweza kusomea Kenya na kufanya mtihani wa KCSE, au aweza kuvuka na kusomea Tororo au Busia ya Uganda, akafanya mitihani ya UCE na UACE. Wako pia wanaoanza upande mmoja na kumalizia upande wa pili. Hiari hiyo ni neema, lakini yataka akili. Mzazi auzaye ng'ombe au kukodisha shamba ili kulipa karo huenda akaona, baada ya miaka miwili, kwamba cheti alichokigharimia hakifungui mlango alioutaka. Yafaa basi mambo haya yaelezwe kwa taratibu.

ASILI YA MITIHANI HII

Zamani hapakuwa na njia mbili. Wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walifanya mtihani mmoja uliotoka Cambridge, Uingereza, na waliofuzu sana walikwenda Makerere. Chuo hicho kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki cha London. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki ili nchi hizo zitungiwe mitihani yao hapa hapa. Baadaye kila nchi ilishika njia yake. Tanzania ilijitoa mwaka 1971. Kenya iliunda Baraza lake la Mitihani, yaani KNEC, mwaka 1980, na Uganda iliunda lake, yaani UNEB, mwaka 1983.

Hata hivyo, kwa muda nchi hizi mbili ziliendelea kuwa na mpango wa namna moja: miaka saba ya shule ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha mitatu ya chuo kikuu. Tofauti kubwa ilitokea mwaka 1985, Kenya ilipoanza mpango wa 8-4-4. Kidato cha tano na cha sita vikaondolewa. Mwaka 1989 ulifanywa mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, na mwaka huo huo ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Uganda haikubadili mpango wake wa 7-4-2-3.

HESABU YA MIAKA

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Mtoto wa Kenya katika mpango wa 8-4-4 hukaa shuleni miaka 12 kabla ya chuo kikuu, kisha husoma shahada ya kawaida kwa miaka 4. Jumla ni miaka 16. Mtoto wa Uganda hukaa shuleni miaka 13, kisha husoma shahada nyingi za kawaida kwa miaka 3. Jumla ni 16 pia. Mwisho wa safari wote wawili wamesoma muda ule ule, lakini wakisimama mlangoni pa chuo kikuu mmoja yuko mbele ya mwenzake kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo mwenye KCSE akibisha katika chuo kikuu cha Uganda huambiwa kwamba yuko juu ya UCE, lakini hajafika UACE. Jibu hilo halina maana ya dharau, wala halisemi kwamba elimu ya Kenya ni duni. Ni hesabu ya miaka tu. Wazazi wengi hukasirika kwa sababu hawakuelezwa hesabu hiyo mapema.

NJIA YA KENYA

Mtihani wa KCSE una madaraja 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua saba. Daraja lake la wastani hupatikana kwa masomo saba, na jumla kubwa kabisa ni pointi 84. Tangu mtihani wa mwaka 2023, masomo hayo saba ni Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Hapo kabla mtahiniwa alilazimika kuhesabiwa Kiingereza na Kiswahili vyote viwili pamoja na sayansi mbili, na wengi waliangushwa na somo moja tu.

Anayetaka kupangiwa shahada na shirika la Serikali liitwalo KUCCPS lazima apate daraja la wastani la C+ au zaidi. Mwenye C- aweza kuomba diploma, na mwenye D aweza kuomba cheti cha ufundi. Lakini C+ ni ufunguo wa lango la nje tu. Ndani mna milango mingine, na kila mlango una kikundi chake cha masomo manne, ambacho wanafunzi hukiita klasta. Udaktari hutazama Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Uhandisi hutazama Hisabati, Fizikia na Kemia. Masomo hayo manne yana pointi 48 kwa jumla. Kwa kanuni iliyotumiwa kwa miaka mingi, pointi za klasta huchanganywa na pointi za masomo yote saba ili kupata uzito wa mwombaji.

Mfano utaonyesha maana yake. Wanafunzi wawili wamepata pointi 56 kila mmoja katika masomo saba, yaani B- sawasawa. Wote wawili wanaomba shahada moja ya sayansi. Wa kwanza ana pointi 37 katika yale masomo manne ya klasta. Wa pili ana pointi 28 tu, kwa sababu alama zake nzuri zilitoka katika Historia, Elimu ya Dini na Kilimo. Kwa kanuni hiyo, wa kwanza atapata uzito wa karibu 34.4, na wa pili karibu 29.9. Daraja lililoandikwa katika vyeti vyao ni moja, lakini mmoja huenda akapata nafasi na mwenziwe akaikosa.

Kwa ajili hiyo uchaguzi wa masomo mwishoni mwa kidato cha pili ni jambo kubwa kuliko wazazi wengi wadhanivyo. Mtoto aachaye Fizikia kwa kuwa ni ngumu ameuacha pia uhandisi, hata kama hajui bado kwamba angeupenda. Tena mtoto alazimishwaye kuchukua Fizikia kwa ajili ya fahari ya baba yake, huku akili yake imo katika biashara au lugha, huenda akapoteza pointi ambazo zingempatia nafasi nzuri mahali pengine. Jambo la busara ni kutazama kazi mbili au tatu ambazo mtoto anazitamani kwa kweli, kuandika masomo yanayotakiwa na kila moja, na kuchagua masomo yanayorudiwa katika zote.

NJIA YA UGANDA

Uganda ina mitihani miwili. Wa kwanza ni UCE, ambao hufanywa mwisho wa mwaka wa nne wa sekondari. Mtaala wake ulibadilishwa kuanzia mwaka 2020, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani mwaka 2024. Katika mtaala huo, kazi afanyayo mwanafunzi darasani huhesabiwa kwa asilimia 20 na mtihani wa mwisho kwa asilimia 80. Mzazi anayetaka kumhamishia mtoto Uganda katikati ya masomo hayo yampasa akumbuke jambo hili, maana alama za darasani hazikusanywi kwa siku moja.

Mtihani wa pili ni UACE, mwisho wa mwaka wa sita. Huu ndio mtihani wa kuingilia chuo kikuu. Mwanafunzi huchagua masomo makuu matatu tu, na kuongeza somo la maarifa ya jumla na somo moja dogo, ambalo ni Hisabati ndogo au kompyuta. Katika utaratibu uliozoeleka, daraja la A katika somo kuu lina pointi 6, B lina 5, C lina 4, D lina 3, E lina 2 na O lina 1. Masomo yale mawili madogo yana pointi moja moja, na hivyo jumla kubwa kabisa ni 20. Kwa kawaida, anayetaka kuingia chuo kikuu lazima awe amefuzu masomo makuu yasiyopungua mawili kwa mtihani wa mwaka mmoja, na awe na cheti cha UCE chenye masomo matano aliyofuzu.

Vyuo vikuu vya Serikali ya Uganda navyo vina mizani. Somo lililo la lazima kwa shahada inayoombwa huzidishwa kwa 3, somo linalohusiana nayo huzidishwa kwa 2, somo linalofaa huzidishwa kwa 1, na mengine kwa nusu. Kwa udaktari, Bayolojia na Kemia ni za lazima, na Fizikia au Hisabati ndiyo inayohusiana. Mwanafunzi mwenye B katika Bayolojia, B katika Kemia na C katika Fizikia hupata 15, 15 na 8, na masomo madogo mawili humwongezea 2. Jumla ni 40, mbali na hesabu ya UCE. Mwenziwe aliyepata alama hizo hizo katika Historia, Uchumi na Jiografia ni mwanafunzi hodari pia, lakini mlango wa udaktari umefungwa kwake tangu siku aliyochagua masomo ya mwaka wa tano.

Ndiyo kusema, njia ya Uganda humtaka mtoto aamue mapema na kwa masomo machache. Njia ya Kenya humwachia masomo mengi hadi mwisho. Mtoto aliye na nguvu katika masomo matatu na udhaifu katika mengine huenda akang'ara Uganda. Mtoto aliye na nguvu za kadiri katika masomo yote huenda akafaidika zaidi na KCSE.

Yafaa kujua pia kwamba vyuo vingine huongeza mtihani wao wenyewe. Shule ya Sheria ya Makerere, kwa mfano, ilianza katika miaka ya 2010 kuwafanyisha waombaji mtihani wa kuingilia, hata wale wenye UACE nzuri.

KUVUKA MPAKA NA CHETI MKONONI

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilipofunguliwa rasmi Februari 2018, msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Cheti cha shule hakina kituo cha namna hiyo. Kweli, mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba Jumuiya yote ni eneo moja la elimu ya juu, na tangazo hilo limesaidia vyuo kutambuana. Lakini kila nchi bado ina ofisi yake inayopima vyeti vya wageni.

Mkenya anayetaka kuingia mwaka wa tano Uganda hupeleka KCSE yake kwa UNEB ili ilinganishwe na UCE. Mkenya anayetaka kuingia chuo kikuu cha Uganda moja kwa moja atakutana na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la nchi hiyo, NCHE. Baraza hilo limepata kutangaza kwamba KCSE peke yake haitoshi, na kwamba mwanafunzi apitie kwanza Cheti cha Elimu ya Juu, ambacho ni masomo ya mwaka mmoja ya kuziba pengo lile la mwaka wa 13. Vyuo vingine, hasa vya watu binafsi, vimewahi kuwapokea Wakenya bila ya kuwaeleza jambo hilo, na hasara ikaja kuonekana baadaye. Mzazi asiridhike na maneno ya mtu anayegawa karatasi za matangazo stendi. Aombe barua ya chuo, kisha aulize NCHE wenyewe.

Kinyume chake, Mkenya aliyesoma Uganda na kurudi na UCE na UACE hupeleka vyeti vyake kwa KNEC ili vilinganishwe na vya Kenya. Mpango wa KUCCPS umejengwa juu ya KCSE, na kwa hiyo mwenye UACE kwa kawaida huomba nafasi katika chuo kikuu chenyewe. Kupangiwa na KUCCPS ndiko kunakofungua mlango wa ufadhili wa Serikali. Basi tofauti hii si ya karatasi tu, ni ya fedha pia. Anayekusudia kusoma ng'ambo ya mpaka aulize HELB kuhusu mikopo kabla ya kuondoka, si baada ya mwaka wa kwanza.

MWENYE C AFANYE NINI?

Kila matokeo yatokapo, wako vijana wengi Busia, Malaba, Amukura na Butula waliopata C, hatua moja chini ya C+. Hao ndio wanaosumbuka zaidi, na ndio wanaofuatwa na mawakala. Kwa kweli wana njia nne.

Ya kwanza ni kurudia KCSE. Huchukua mwaka mmoja, na humrudisha kijana katika mpango wa KUCCPS akifaulu. Yamfaa yule aliyeanguka kwa ugonjwa, msiba au kukosa karo, na ambaye walimu wake wanathibitisha kwamba uwezo wake ni mkubwa kuliko alama zake. Haimfai yule aliyefanya bidii yake yote akapata C.

Ya pili ni kusoma diploma Kenya. Daraja lake linatosha, na aweza kupata nafasi katika chuo cha ufundi, kama vile Kisumu au Sigalagala, au katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, ambacho kina tawi Busia, ikiwa masomo yake yanakubaliana na kozi. Akifuzu vizuri aweza kuendelea na shahada. Njia hii ni ndefu, lakini kijana hupata ujuzi wa kujilisha kabla hajafika mwisho.

Ya tatu ni kuvuka na kusoma mwaka wa tano na wa sita Uganda. Huchukua miaka miwili. Yamfaa kijana aliye na masomo matatu yenye nguvu sana, na ambaye madaraja yake ya chini yalikuwa katika masomo mengine. Mwenye C katika Bayolojia na Kemia asidhani kwamba masomo hayo yatakuwa mepesi Uganda. Yatakuwa mazito zaidi, maana huchimbwa ndani zaidi.

Ya nne ni ile ya Cheti cha Elimu ya Juu Uganda kwa mwaka mmoja, kisha shahada. Ndiyo fupi kwa macho. Lakini inayo hatari inayoelezwa hapa chini.

KAZI HUTAZAMA NYUMA

Watu wengi hufikiri kwamba mtu akishapata shahada, hakuna atakayeuliza habari za kidato cha nne. Katika kazi nyingi hilo ni kweli. Katika kazi fulani si kweli hata kidogo.

Sheria ya mwaka 2012 iliyounda upya Shule ya Sheria ya Kenya iliweka sharti la C+ katika KCSE pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili kwa aina fulani ya waombaji. Kesi nyingi zimefikishwa mahakamani na watu waliokuwa na shahada za sheria mkononi lakini wakakataliwa kwa sababu ya alama za sekondari. Baraza la Madaktari limeweka sharti la B ya wastani, na B katika Bayolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na lugha. Tume ya Walimu, TSC, humtaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya wastani na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Na kwa aliyefika kidato cha sita, hutazama masomo makuu mawili na moja dogo.

Kwa hiyo kijana asianze kwa kuuliza, "Chuo gani kitanipokea?" Aanze kwa kuuliza, "Baraza la kazi yangu litakubali njia hii?" Chuo chaweza kumpokea, kikala karo yake miaka mitano, na kumpa joho siku ya mahafali. Lakini chuo sicho kitakachompa leseni.

VYUO VYA MAREKANI

Vijana wachache wenye alama za juu kabisa hutamani vyuo vya Marekani. Tamaa hiyo si ngeni. Mwaka 1959 wanafunzi 81 walisafirishwa kwa ndege kwenda huko kwa juhudi za Tom Mboya. Siku hizi vyuo vingi vya huko hutazama mtihani wa SAT au ACT pamoja na KCSE. Ni mitihani miwili tofauti, na mwombaji hahitaji kufanya yote miwili, kwa sababu vyuo hupokea wowote kati yake pasipo upendeleo. SAT ina alama kati ya 400 na 1600, na hufanywa kwa kompyuta kwa muda wa saa mbili na robo hivi. ACT ina alama kati ya 1 na 36; maswali yake ni ya haraka zaidi, na tangu mwaka 2025 sehemu ya sayansi imekuwa ya hiari.

Njia njema ni kufanya mazoezi ya mitihani yote miwili nyumbani, kwa mifano inayotolewa bure na wenye mitihani, kisha kuchagua ule ambao mtoto anaufanya vizuri na kuacha mwingine. Lakini kwanza itazamwe orodha ya vyuo. Baada ya ugonjwa wa korona wa mwaka 2020, vyuo vingi vilifanya mtihani kuwa wa hiari. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 Harvard, Dartmouth na Brown zilitangaza vivyo hivyo. Vyuo vya Serikali ya jimbo la California havitazami mitihani hiyo kabisa. Mtoto anayeomba vyuo visivyoutaka mtihani hana haja ya kulipa ada na nauli ya kwenda mpaka kituo cha mbali.

MPANGO MPYA WA KENYA

Mambo haya yote yanabadilika. Kenya imeacha mpango wa 8-4-4 kidogo kidogo. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na wanafunzi wale wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao wanakuja watoto wa mtaala wa umilisi, ambao wa kwanza wao waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hao huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi wao huja mapema kuliko wa ndugu zao wakubwa, na unafanana zaidi na ule wa Uganda. Uganda nayo imekuwa ikiurekebisha mtaala wake wa mwaka wa tano na wa sita. Ushauri uliokuwa sahihi kwa kaka mkubwa huenda usiwe sahihi kwa mdogo wake. Yafaa kuuliza upya kila mwaka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, mtoto na mzazi wakae pamoja na kuandika kazi mbili au tatu wanazozikusudia, na masharti ya baraza la kila kazi.

Pili, masomo yachaguliwe kwa kufuata masharti hayo na uwezo wa mtoto, si kwa kufuata marafiki zake.

Tatu, majina yawe mamoja katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na vyeti vyote vya mitihani. Katika sehemu za mpakani wako watoto wanaoitwa jina moja Malaba ya Kenya na jina jingine shuleni Tororo. Jambo hilo dogo limewakosesha watu nafasi.

Nne, kabla ya kulipa karo ng'ambo ya mpaka, ipatikane barua ya kulinganisha vyeti kutoka UNEB au KNEC, na jibu la NCHE ikiwa ni chuo kikuu. Barua hizo zitunzwe nyumbani pamoja na hati za shamba.

Tano, zihesabiwe gharama za miaka yote, si za muhula wa kwanza tu: karo, chakula, bweni, nauli na ada ya mtihani. Vilinganishwe pia vyuo vilivyo karibu. Alupe, kati ya Busia na Malaba, ilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. Kibabii iko Bungoma, na Masinde Muliro iko Kakamega. Ng'ambo ya pili, Busitema ilianzishwa mwaka 2007 katika wilaya ya Busia ya Uganda.

Sita, asiaminiwe mtu yeyote anayeahidi cheti au nafasi kwa malipo ya mkono kwa mkono. Cheti cha kughushi humfuata mwenyewe maisha yake yote.

Husemekana kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa vijana waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Kila abiria alijua kwamba lazima aseme anakokwenda kabla ya kupanda. Vivyo hivyo, anayechagua mtihani ataje kwanza mahali anapotaka kufika.